Nani Amsemee Marehemu? Coretta Scott King na Swali la Wito wa Mjane

Dini kubwa zimempangia mjane mahali pake, na aghalabu mahali hapo ni pa kukaa kimya. Sheria ya Kiislamu imemwekea eda, yaani muda wa miezi minne na siku kumi ambao mwanamke aliyefiwa na mumewe huutumia kuomboleza kabla ya kuruhusiwa kuolewa tena. Torati imewakataza Waisraeli kumwonea mjane na kuchukua nguo yake rehani. Na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, katika sura ya tano, unamsifu mjane aliyebaki peke yake akidumu katika sala usiku na mchana, kisha unaliagiza kanisa liwaandikishe katika orodha ya wajane wale tu waliotimiza miaka 60. Katika maagizo hayo yote mjane ni mtu wa kuhifadhiwa, na wajibu wake mkuu ni kuhifadhi: heshima ya marehemu, watoto wake, kumbukumbu yake. Hata hivyo Injili ya Luka, katika sura ya 18, inamleta mjane wa namna nyingine kabisa, ambaye hatuambiwi kama alilia wala alifiwa lini, bali anamwendea kadhi dhalimu mara kwa mara akidai haki yake, mpaka kadhi huyo asiyemcha Mungu wala kumjali mtu anampa kwa sababu amechoshwa. Wafasiri wamezoea kuusoma mfano huo kama fundisho la kudumu katika sala, na Luka mwenyewe anautangulizia hivyo. Lakini ni vigumu kutoona kwamba sala inayosifiwa hapo ina sura ya shauri linalopelekwa barazani bila kukoma.

Baina ya wajane hawa wawili lipo swali ambalo wanafalsafa wa maadili hawajalishughulikia vya kutosha, nalo linamhusu mjane wa mtu aliyeuawa kwa ajili ya jambo alilolipigania. Mtu wa namna hiyo haachi nyumba na watoto tu. Anaacha pia kazi ambayo haijakwisha, jina linalotajwa na watu wasiomjua, na maneno ambayo kila upande utataka kuyatumia. Je, mjane wake anairithi kazi hiyo kama anavyorithi vyombo vya nyumbani, au wito, neno linalotumika hapa kwa maana ya kikanisa, yaani imani ya mtu kwamba Mungu amemtaka yeye binafsi kwa kazi fulani, ni kitu kisichorithishika? Na ikiwa haurithiki, anamsemea marehemu kwa haki gani? Maisha ya Coretta Scott King, mjane wa Mchungaji Martin Luther King Jr., yanafaa kupimwa kwa swali hili kuliko ya wengine wengi, kwa kuwa ndoa yao haikufikisha miaka 15 ilhali ujane wake ulidumu karibu miaka 38, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakukubali kamwe kwamba aliingia katika harakati za haki za kiraia kwa mlango wa ndoa.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1927 huko Heiberger, karibu na mji wa Marion, kaunti ya Perry, jimbo la Alabama. Baba yake, Obadiah Scott, alikuwa miongoni mwa Weusi wachache wa eneo hilo waliokuwa na lori, akibeba magogo na mbao, na kujitegemea huko ndiko kulikomletea chuki ya majirani Wazungu. Usiku wa Siku ya Shukrani mwaka 1942, Coretta akiwa na miaka 15, nyumba yao iliteketea kwa moto ambao familia iliamini umewashwa makusudi. Baadaye kiwanda kidogo cha kupasulia mbao alichokinunua baba huyo nacho kiliungua, na kwa masimulizi ya Coretta hilo lilitokea baada ya mzee kukataa kumwuzia Mzungu aliyekitaka. Obadiah Scott hakuhama na hakulipiza kisasi. Alirudi kwenye lori lake. Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata, kwa sababu imezoeleka kusemwa kwamba Coretta alijifunza kutotumia mabavu kutoka kwa mumewe, kana kwamba mafundisho hayo yalishuka kwa ngazi kutoka kwa Gandhi hadi kwa King na kutoka kwa King hadi jikoni kwake. Ukweli ni kwamba aliuona mfano wake nyumbani, kwa mtu ambaye hakuwa amesoma kitabu cha Gandhi.

Shule iliyomlea, Lincoln ya mjini Marion, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1867 na watu walioachwa huru kutoka utumwani. Kutoka hapo alipata nafasi katika Chuo cha Antioch, jimbo la Ohio, ambako dada yake Edythe alikuwa ametangulia, na ambako ubaguzi ulimjia kwa adabu zaidi kuliko kwao Alabama: alipofika wakati wa mafunzo ya vitendo ya ualimu, shule za umma za mji huo zilimkataa kwa rangi yake, na alipoupelekea uongozi wa chuo malalamiko yake hakupata msaada. Alijiunga na tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na mwaka 1948 alihudhuria mjini Philadelphia mkutano wa chama cha siasa cha Henry Wallace, aliyekuwa akipinga ubaguzi pamoja na vita baridi vilivyokuwa vinaanza. Mwaka huo Martin King alikuwa ndiyo kwanza anaingia seminari. Walipokutana Boston mapema mwaka 1952, yeye akisomea uimbaji katika Chuo cha Muziki cha New England na Martin akisomea udaktari wa theolojia, aliyekuwa na historia ya kushiriki siasa za amani alikuwa ni Coretta.

Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1953 nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, na aliyewafungisha alikuwa baba mkwe, Martin Luther King Mkubwa, mchungaji wa Kibaptisti wa kizazi cha zamani, ambaye ilimbidi akubali sharti la bibi harusi kwamba ahadi ya kumtii mume iondolewe katika kiapo. Usiku huo, kwa kuwa hoteli za eneo hilo hazikupokea Weusi, maharusi walilala kwa mtu mwenye biashara ya kuandaa maziko. Kiapo kilichopunguzwa neno moja hakikumaliza mambo, kwani Martin, kama wachungaji wengi wa wakati wake, aliona mahali pa mkewe ni nyumbani na watoto wanne waliozaliwa kati ya 1955 na 1963, na Coretta hakuficha kwamba jambo hilo lilimuuma. Lakini tarehe 30 Januari 1956, bomu lilipolipuka barazani mwa nyumba yao mjini Montgomery wakati wa mgomo wa mabasi, yeye akiwa ndani na mtoto wa wiki kumi na mumewe akiwa mkutanoni, baba yake alikuja usiku huohuo kumchukua na mtoto wake, naye akakataa kuondoka. Baadaye alieleza uamuzi huo kuwa ndio mahali alipojua kwamba kazi ile ni yake pia. Mtu anaweza kutofautisha wito unaosikika na wito unaothibitishwa, wa pili ukiwa ule ambao mtu anaujua siku anapopewa ruhusa ya heshima ya kuuacha na asiuache. Na kwa kipimo hicho wito wa Coretta ulithibitishwa miaka 12 kabla hajawa mjane.

Katika suala la vita alimtangulia mumewe hadharani. Mwaka 1962 alikwenda Geneva pamoja na wanawake wa Women Strike for Peace kushinikiza mazungumzo ya kupunguza silaha za nyuklia, na mwaka 1965 alipanda jukwaani New York na Washington kupinga vita vya Vietnam, zaidi ya mwaka mmoja kabla Martin hajatoa hotuba yake maarufu ya kuvipinga vita hivyo katika Kanisa la Riverside tarehe 4 Aprili 1967. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa habari alipomuuliza King kama ni yeye aliyemwelimisha mkewe kuhusu mambo hayo, alijibu kwamba ni mkewe aliyemwelimisha yeye. Waandishi wa wasifu huitaja kauli hiyo kama mzaha wa mume mwema. Pengine ingefaa kupokewa kama ushahidi.

Martin Luther King Jr. alipigwa risasi Memphis tarehe 4 Aprili 1968, mwaka mmoja kamili baada ya hotuba ya Riverside. Alikuwa mjini humo kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma tangu Februari, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka walimokuwa wamejikinga mvua. Maandamano aliyokusudia kuyaongoza yalikuwa yamepangwa kufanyika tarehe 8, na tarehe 8 Coretta alifika Memphis na watoto wake watatu wakubwa, akatembea mstari wa mbele, kisha akahutubia mbele ya ukumbi wa jiji. Mume wake alikuwa bado hajazikwa. Msomaji anayeijua eda ataona ukubwa wa jambo hili, na yawezekana atauliza kama ni sahihi mfiwa kusimama barabarani siku ya nne. Jibu ambalo Coretta alilitoa kwa matendo ni kwamba kuomboleza kwa mtu aliyeuawa akidai haki hakuwezi kutenganishwa na dai lenyewe, kwa sababu muuaji alikusudia kunyamazisha dai, na kila siku ya kimya ni siku inayoongezwa kwa muuaji. Hilo si kuzidharau taratibu za msiba. Eda hulinda haki za watu walio hai, hasa mimba na nasaba, pamoja na staha ya marehemu, nayo Coretta alikuwa akilinda haki ya wazoa taka 1,300 ambao mgomo wao ulimalizika kwa makubaliano siku nane baada ya maandamano yale.

Katika wiki tatu zilizofuata alionyesha namna tatu tofauti za kumsemea marehemu, na tofauti hizo zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Ya kwanza ilikuwa maziko ya tarehe 9 Aprili katika Kanisa la Ebenezer, Atlanta, ambapo kwa ombi lake ilichezwa kanda ya mahubiri aliyoyatoa King katika kanisa hilohilo tarehe 4 Februari, akieleza jinsi ambavyo angependa kusemewa siku ya kuzikwa kwake. Hapo mjane alimpisha marehemu ajisemee mwenyewe. Namna ya pili ilitokea tarehe 27 Aprili, siku ambayo Coretta alitimiza miaka 41, katika bustani ya Central Park, New York, kwenye mkutano wa kupinga vita ambao King alikuwa ameahidi kuhutubia. Alisimama na maandishi yaliyokutwa katika mifuko ya mumewe, ambayo yalikuwa na amri kumi kuhusu Vietnam zilizopangwa kwa mfano wa amri za Musa, akazisoma moja baada ya nyingine. Karatasi za mfukoni si hotuba. Ni mawazo ambayo mwenyewe hakuwa ameyakamilisha, na anayeyasoma mbele ya umati anafanya zaidi ya kukariri, kwa kuwa ndiye anayeamua kwamba yako tayari kusikiwa. Namna ya tatu ilifuata katika hotuba hiyohiyo, alipotoka katika maandishi ya Martin na kuwageukia wanawake wa nchi yake, akawaambia kwamba wana nguvu ya kuliponya taifa ikiwa wataungana, jambo ambalo katika mahubiri ya mumewe halikupewa nafasi ya namna hiyo. Msomaji wa neno, mfasiri wa neno na mhubiri ni vyeo vitatu tofauti katika kanisa lolote. Coretta alivipitia vyote katika wiki hizo tatu, na si watu wengi walioona alipovuka kutoka kimoja kwenda kingine.

Serikali yenyewe iliona. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, ambalo mwishoni mwa 1964 lilikuwa limetuma kanda ya siri ya kumfedhehesha King, kanda ambayo Coretta ndiye aliyeifungua nyumbani kwao, liliendelea kumfuatilia mjane huyo kwa miaka kadhaa, na nyaraka zilizotolewa hadharani mwaka 2007 zinaonyesha kwamba moja ya hofu zake ilikuwa asije akaunganisha harakati za haki za kiraia na upinzani dhidi ya vita. Mpelelezi aliyeandika hivyo alikuwa amechelewa, kwa maana katika fikra za Coretta mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana tangu alipokuwa chuoni.

Mchango wake wa kifikra unaonekana vizuri zaidi katika hotuba aliyoitoa mbele ya Sanamu ya Lincoln, Washington, tarehe 19 Juni 1968, wakati wa Kampeni ya Watu Maskini. Baada ya kifo cha King miji mingi ilikuwa imewaka moto, na magazeti yalikuwa yakiwauliza viongozi Weusi, kwa sauti ya hakimu, kama bado wanaamini kutotumia mabavu. Coretta aliligeuza swali. Alisema kwa urefu kwamba kumwacha mtoto afe njaa ni mabavu, kwamba kukandamiza utamaduni wa watu ni mabavu, kwamba kuwanyima watoto elimu, kumwadhibu mama pamoja na mtoto wake kwa umaskini wao, kumbagua mfanyakazi, kuacha mitaa ya maskini ioze na kupuuza haja ya matibabu yote ni mabavu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa masuala ya amani kutoka Norway, Johan Galtung, alichapisha makala iliyoipa dhana hiyo jina la kitaalamu, yaani mabavu ya kimfumo, kwa maana ya madhara yanayowapata watu kutokana na mpangilio wa jamii pasipo mtu mmoja anayeweza kushikwa na silaha mkononi. Vyuo vikuu humtaja Galtung kwa dhana hiyo. Mwanamke aliyeieleza mbele ya maelfu ya watu mwaka mmoja kabla yake hutajwa katika kozi nyingine, ile ya historia, chini ya jina la mumewe.

Katika suala la upendo kwa adui, Coretta alipimwa kwa namna ambayo mumewe hakupimwa. King alifundisha agape, neno la Kiyunani ambalo yeye alilitofautisha na mapenzi ya mvuto na mapenzi ya urafiki, akilieleza kuwa ni nia njema inayomtakia mema hata mtu asiyependeka, bila kudai kwamba mtu huyo apendeze kwanza. Ni rahisi kumshuku mhubiri wa agape kwamba anazungumza kwa niaba ya wengine. Tarehe 30 Juni 1974, Jumapili, kijana wa miaka 23 alisimama katika Kanisa la Ebenezer na kumpiga risasi mama mkwe wa Coretta, Alberta Williams King, aliyekuwa akipiga kinanda, akamuua pamoja na shemasi mmoja. Kijana huyo alihukumiwa kifo, nayo familia ya King ilipinga asinyongwe, na hukumu hiyo ilibadilishwa mwaka 1995 kuwa kifungo cha maisha. Coretta, aliyekuwa amempoteza mume na mama mkwe kwa risasi, alipinga adhabu ya kifo kila alipopata jukwaa, akishikilia kwamba uovu wa kuua haurekebishwi kwa uovu mwingine unaotendwa na dola. Wapo watakaosema kwamba msamaha wa namna hiyo ni rahisi kwa mtu mashuhuri ambaye dunia nzima imemlilia. Lakini pingamizi hilo halioni kwamba Coretta hakusema amesamehe kwa maana ya kusahau. Mwaka 1999 yeye na watoto wake waliendesha kesi ya madai mjini Memphis dhidi ya mtu waliyemshutumu kushiriki katika njama ya kumuua King, wakidai fidia ya dola 100 tu. Baraza la mahakama lilikubali kwamba kulikuwa na njama. Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mwaka 2000 kwamba haikuona ushahidi wa kuaminika, na wanahistoria wengi wako upande wa wizara. Yawezekana sana kwamba familia ilikosea kuhusu muuaji. Hata hivyo kiasi kile cha fidia kinaeleza fundisho la agape kuliko mahubiri mengi: asiyetaka kisasi wala fedha anaweza bado kutaka ukweli, na kuutaka kwa ukaidi wa yule mjane wa Luka.

Penye utata mkubwa zaidi ni pale kazi ya kumsemea marehemu ilipokutana na sheria ya mirathi. King alikufa bila wosia, na fedha za Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1964, ambazo Coretta alitaka sehemu yake iwekwe kwa ajili ya elimu ya watoto, alikuwa amezitoa zote kwa harakati. Mjane aliachiwa watoto wanne na marundo ya karatasi. Kwa hiyo kile ambacho umma ulikiona kuwa amana, yaani kitu kinachoshikwa na mmoja kwa niaba ya wote, kilikuwa pia, kwa macho ya sheria, mali ya familia. Coretta alianzisha mwaka 1968 Kituo cha King, ambacho kilianzia katika chumba cha chini nyumbani kwake. Mwaka 1987 alikishtaki Chuo Kikuu cha Boston ili kirudishe nyaraka ambazo King aliziweka huko mwaka 1964, akashindwa. Wasimamizi wa mirathi walikishtaki kituo cha televisheni cha CBS kwa kutumia hotuba ya Washington ya mwaka 1963, na mahakama ya rufaa mwaka 1999 ikaamua kwamba kuitoa hotuba hiyo mbele ya umati hakukuifanya kuwa mali ya umma. Wakosoaji, baadhi yao wenzake wa zamani wa King, walinung'unika kwamba Kituo cha King kilinyonya fedha ambazo zingeendesha harakati, na kwamba maneno ya nabii yamewekewa bei. Manung'uniko hayo yana ukweli wake, nayo hayawezi kufutwa kwa kutaja dhiki ya mjane. Mtu anayedai kwamba neno la mumewe ni la wanadamu wote hawezi bila aibu kuwadai wanadamu malipo kila wanapolitamka. Upande wa pili wa mizani ni kwamba kampuni zilizokuwa zikilitumia neno hilo zilikuwa zikijilipa zenyewe, na kwamba hakuna aliyemtaka mjane wa rais au wa mwanamuziki agawe urithi wake bure. Umaskini mtakatifu huagizwa zaidi kwa wajane wa maskini.

Sikukuu ya kitaifa ilileta tatizo la namna nyingine. Mbunge John Conyers aliwasilisha muswada wa kuianzisha siku nne baada ya mauaji. Mwaka 1979 ulikosa kura tano katika Baraza la Wawakilishi. Na baada ya miaka mingi ya Coretta kuzunguka nchi nzima, kukusanya saini na kukaa mbele ya kamati za bunge, Rais Ronald Reagan, ambaye hapo awali aliupinga, aliutia saini tarehe 2 Novemba 1983, sikukuu ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Januari 1986. Ushindi huo ulikuwa na bei. Ili taifa zima limkubali King ilibidi taifa limpate King anayekubalika na taifa zima, yule wa ndoto ya watoto wa rangi zote, na si yule wa Riverside au wa wazoa taka. Coretta alijua hatari hiyo na alijaribu kuizuia kwa njia yake, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo alikuwa akiongoza muungano wa kudai ajira kwa wote, uliosaidia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1978 iliyoifanya ajira kamili kuwa lengo la serikali, na mwaka 1985 alikamatwa pamoja na baadhi ya watoto wake mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Lakini sikukuu ni chombo kikubwa kuliko aliyekitengeneza, na leo hata wanasiasa wanaopunguza haki ya kupiga kura huiadhimisha.

Kipimo kigumu cha haki ya kumsemea marehemu kilikuja mwaka 1998, Coretta alipotangaza kwamba ubaguzi dhidi ya mashoga na wasagaji ni ndugu wa ubaguzi wa rangi, na kuwataka wote wanaoiamini ndoto ya King wawape nafasi mezani. Mwaka 2004 binti yake mdogo, Bernice, ambaye ni mchungaji, alishiriki maandamano ya kupinga ndoa za jinsia moja yaliyoanzia kwenye kaburi la baba yake. Mama na binti, wote wawili wakiwa na haki ya damu au ya ndoa, walilitumia jina lile kwa pande mbili zinazopingana, na King mwenyewe hakuwa ameacha kauli ya hadharani ya kuwaamulia. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba ujane hautoi mamlaka ya kufasiri. Kama ungeyatoa, Bernice naye angekuwa na yake kwa nasaba, na swali lingebaki palepale milele, likirithiwa pamoja na samani. Hoja ya Coretta mwaka 1998 ilikuwa na nguvu au haikuwa nayo kwa uzito wake yenyewe, yaani kwa kanuni kwamba haki haigawanyiki, ambayo aliishika tangu siku aliyonyimwa darasa Ohio. Jina la Martin liliifanya isikike tu. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba alipofariki tarehe 30 Januari 2006, miaka 50 kamili tangu bomu la Montgomery, ibada ya maziko yake, iliyohudhuriwa na marais wanne, ilifanyika katika kanisa ambalo mchungaji wake ndiye aliyeongoza maandamano yale ya 2004.

Maandishi yake yaliyoleta kishindo kikubwa zaidi baada ya kifo chake hayamhusu mumewe. Mwaka 1986 alimwandikia Seneta Strom Thurmond, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti, kupinga uteuzi wa Jeff Sessions kuwa jaji wa shirikisho, kwa sababu Sessions, akiwa mwendesha mashtaka wa serikali huko Alabama, alikuwa amewashtaki wanaharakati watatu waliowasaidia wazee Weusi kupiga kura kwa posta. Wote watatu waliachiwa huru. Kaunti iliyohusika ilikuwa Perry. Coretta alikuwa akiwatetea watu wa kwao, katika kaunti ambayo moto wa mwaka 1942 haukumpata mshtakiwa, na kamati ikaukataa uteuzi. Tarehe 7 Februari 2017, Sessions alipokuwa akijadiliwa kwa cheo cha Mwanasheria Mkuu, Seneta Elizabeth Warren alianza kuisoma barua hiyo ukumbini, na kiongozi wa walio wengi, Mitch McConnell, akamzuia kwa kanuni inayokataza kumvunjia heshima seneta mwenzake. Warren akaisoma nje mbele ya kamera, na maseneta kadhaa wanaume wakaisoma ndani ya ukumbi uleule bila kuzuiwa. Sessions aliidhinishwa tarehe 8 kwa kura 52 dhidi ya 47, na barua ikaingia katika kumbukumbu za Seneti, ambamo Thurmond hakuwa ameiweka miaka 31 kabla.